Mkono wa Falis

Wamucii hakuwa mchawi. Angekuwa mchawi, wapangaji wa ploti ya Robow wangekwisha mmoja mmoja, akianza na wale waliomwaga maji machafu mbele ya mlango wa saluni yake kila asubuhi kisha wakamsalimia kwa meno yote. Alikuwa msusi tu, mwenye vidole vyepesi na ulimi uliokuwa mzito kuomba radhi. Alikuwa pia na mchezo mmoja, na laiti angejua ungemfikisha wapi, angeusahau siku ile ile aliyofundishwa.

Mchezo huo alifundishwa na mjomba wake kule Karatina, ambaye aliuonyesha kwenye harusi akishapata pombe kidogo. Hauna karata, hauna kofia wala kitambaa. Unamwambia mtu afiche kitu popote anapotaka, nawe umesimama nje. Ukirudi unamshika kifundo cha mkono, unamwambia akifikirie kile kitu bila kusema neno, halafu mnaanza kutembea. Siri iko hapo hapo kwenye kifundo. Mtu anayejua kitu kilipo hawezi kuuzuia mkono wake: ukielekea kusiko, unakuwa mzito kidogo, ukielekea kwenyewe, unalegea na kukufuata. Mwenyewe hana habari. Ataapa kwamba hakukuonyesha chochote. Na Wamucii, aliyeshinda mwaka mzima akisikiliza vichwa vya watu kwa ncha za vidole, aliuweza mchezo kumshinda mjomba.

Kwa wateja wake ilikuwa burudani. Wanawake wa Kiislamu waliingia nyuma ya pazia, wakavua mitandio, na wakingoja zamu wakaficha pete ndani ya unga au hereni ndani ya soksi ya mtoto, naye akavipata vyote. Aliyecheka zaidi alikuwa Falis, mke wa Robow mwenye ploti, mwanamke mpole ambaye nje ya pazia lile hakuna aliyemjua kama ana meno.

"Wamucii, wewe uko na jini!" alikuwa akisema.

Badala ya kumjibu kwamba ni mkono wake mwenyewe uliomsaliti, Wamucii alinyanyua viganja na kujigamba. "Jini wa nini? Angalia. Mikono mitupu. Sina kibuyu, sina kioo, sina hata uzi."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea vibaya. Watu wa Bulla Pesa, mtaa wao pale Isiolo, wamewaona waganga wa kila namna, wenye vibuyu na wenye vioo, na hawawaogopi sana. Mganga mwenye kibuyu ukimchoka unakivunja kibuyu chake, yamekwisha. Lakini mtu anayefanya mambo yake kwa mikono mitupu, utamvunjia nini? Maneno hayo yalizunguka kwenye bomba la maji kwa muda mrefu, na Wamucii ndiye pekee ambaye hakuyasikia.

Sasa mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Tangu serikali ya kaunti ije, Isiolo imeshikwa na ugonjwa mmoja, kila mtu anamuuliza jirani yake alifika hapa lini na kwa ruhusa ya nani. Ukoo wa Robow ulikuwa na jibu tayari. Lilikuwa jibu la chuma, lenye utepe uliofifia: medali ya babu yao, askari aliyepigana vita vya Mwingereza kisha akaruhusiwa kukaa hapa na mifugo yake. Kwa desturi yao medali ni ya mtoto wa kiume aliye mkubwa. Mkubwa alikuwa Abdifatah, lakini Abdifatah alikuwa ameishi Moyale miaka mingi akisafirisha mizigo, na medali ikabaki kwa Robow, mdogo wake, hadi Robow akaanza kuamini kwamba alizaliwa nayo. Abdifatah aliporudi na kujenga nyumba mtaa wa Chechelesi, na mwanawe akatangaza kugombea kiti cha wadi, mzee alituma neno: nakuja kuchukua medali, kijana aivae mbele ya watu.

Robow akamjibu vizuri sana. Njoo Ijumaa baada ya swala, ndugu yangu.

Ijumaa Abdifatah akaja na wazee wenzake, kanzu zimenyooka. Robow akaingia ndani kuitoa medali kwenye kopo lake, akatoka mikono kichwani. Imeibwa! Kopo liko tupu! Na kabla mtu hajauliza swali la pili, akanyoosha kidole kwenye geti. "Nani analala hapa kila usiku? Nani anajua kila mlango?"

Aliyelala pale kila usiku alikuwa Ewoi, soja wa geti, Mturkana kutoka Oldonyiro, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kumrushia jiwe hata mbwa wa ploti. Vijana wa kupakia ng'ombe kwenye lori la Robow walimrukia kwa furaha. Watu wasio na kazi mchana huo walikuwa wengi, na hakuna kazi inayopendwa na wasio na kazi kama kumpiga mwizi. Walimfunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Mmoja akaviringisha tairi kuukuu kutoka nyuma ya lori, mwingine akaenda kwa watu wa bodaboda kuomba petroli.

Wamucii alitoka saluni na kitana mkononi. Aliona tairi, akaona mdomo wa Ewoi uliopasuka.

"Mimi sijaiba," Ewoi alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mtu mmoja. "Mimi hiyo kitu sijawahi ona."

"Huyo anajua!" kijana mmoja alipiga kelele. "Akionja moto atasema!"

Ndipo Mureithi, karani wa kaunti aliyepanga chumba kilichopakana na saluni, akafungua kinywa. Mureithi alikuwa amemnunia Wamucii tangu amkatalie mambo yake ya usiku wa Krismasi. "Mbona mnahangaika? Si tuko na mama wa saluni hapa, ile anapata vitu kwa mkono mtupu? Apate hii sasa, tuone."

Macho yote yakamgeukia. Hayakuwa macho ya kuomba msaada.

"Huo ni mchezo," Wamucii akasema. "Wa kuchekesha wanawake."

"Kwa hivyo umekuwa ukidanganya bibi za watu?" Robow akauliza.

Wamucii alimtazama mwenye ploti wake na kumchukia kwa moyo mmoja. Angesema ndiyo, ni uongo, Ewoi angechomwa na yeye angekuwa tapeli. Angesema hapana, angekuwa mchawi. Lakini tairi lilikuwa pale, na kijana wa petroli alikuwa anarudi. Akapiga hesabu ya haraka: atamshika Ewoi kifundo, atazunguka naye uwanja mzima, mkono utakaa kimya, naye atatangaza kwamba huyu hajui chochote. Basi.

"Mfungueni mkono mmoja," akasema.

Wakamfungua na mguu. Wamucii akamshika na kuanza kumtembeza. Wakapita vyooni, jikoni, chini ya tangi la maji. Mkono wa Ewoi haukuwa na neno. Ulikuwa mkono wa mtu anayeogopa kufa, si wa mtu aliyeficha.

"Huyu hajui," Wamucii akatangaza, lakini wakamfunga tena kwenye nguzo.

"Basi anajua nani?" kijana wa petroli akauliza. "Mathe, ukishindwa kuitoa ni yeye. Tunawasha."

"Nianze na mwenye kitu, basi. Robow, lete mkono."

Robow akarudi nyuma hatua nzima. "Mimi nishikwe na mwanamke wa watu? Ijumaa? Mbele ya wazee? Wewe hauna heshima?"

Wazee wakatikisa vichwa. Alikuwa na haki na kila mtu alijua ana haki, maana kati ya watu wale mwanaume hashikwi mkono na mwanamke asiye wake. Dini yake ilimkinga vizuri kuliko ukuta, na Wamucii akaona jinsi mabega yake yalivyoshuka kwa nafuu. Alikuwa na hakika sasa. Lakini hakika ya Wamucii haikuwa na bei yoyote katika ploti ile.

Abdifatah alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki muda wote huo, bakora kati ya magoti. "Wanaume hapana," akasema. "Lakini wanawake ni halali. Falis, walaal, dada yangu, wewe ndiyo uko na nyumba. Toa mkono."

Falis alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alimtazama mumewe. Robow hakuweza kukataa, angekataa kwa sababu gani? Alicheka kidogo. "Nenda. Hakuna kitu."

Wamucii akakishika kifundo cha Falis juu ya mkono wa buibui, nguo katikati. Alikijua kichwa cha mwanamke huyu, kovu lake nyuma ya sikio, mahali nywele zilipokuwa zikimkatika tangu mtoto wa tatu. Mkono wake hakuwahi kuuogopa.

Wakaenda upande wa vyoo. Mzito. Jikoni, mzito. Kwenye tangi ukavuta pembeni kidogo, na Wamucii akageuka kuufuata. Ukalegea. Mbele yao lilikuwa lori. Wakapiga hatua kuliendea na mkono ukawa mwepesi kabisa, kisha ghafla ukakauka, Falis akasimama, na Wamucii akausikia mshipa wake ukigonga chini ya kitambaa.

Anajua. Ameona ilipofichwa, na aliyeificha.

Wamucii alielewa yote hapo hapo, na hakufurahi. Akisonga mbele, Ewoi atapona, na usiku Falis atabaki ndani na mwanaume aliyefichuliwa na mkono wa mkewe. Akigeuka, Falis atalala salama na Ewoi hatalala tena. Aliinama akajifanya ananusa hewa, vile alivyofanya siku za mchezo, mdomo wake ukiwa karibu na sikio la Falis.

"Falis, watamchoma."

Nyuma yao mtu alisema, mbona wamesimama.

"Falis."

"Usinitaje," Falis akanong'ona. "Haki ya Mungu, usinitaje."

"Sikutaji."

Mkono ukalegea. Haukuwa tena mkono unaojisaliti bila kujua. Falis mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza, polepole, na Wamucii akafuata, macho ameyafumba kwa ajili ya watu. Walifika kwenye mlango wa dereva. Wamucii akaweka kiganja kwenye chuma cha moto.

"Iko humu."

Robow alisema ufunguo umepotea, kisha akasema uko kwa dereva, kisha Abdifatah akasimama. "Fungua, warya," akasema kama anayemwita kijana, na ufunguo ukatoka mfukoni mwa Robow. Medali ilikuwa chini ya kiti, imeviringishwa kwenye kitambaa ambacho watu wote wa ploti walikuwa wamemwona Robow akijifutia jasho.

Abdifatah alishika medali kiganjani akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Kwa kitambo kile, ukweli ulikuwa umesimama uwanjani mchana kweupe, na hata kijana wa petroli aliweka chupa chini.

"Lori ni lake na ufunguo ni wake," Wamucii akasema. "Mfungueni Ewoi."

Robow hakumtazama yeye wala nduguye. Alimgeukia mkewe, akautazama mkono wake uliokuwa bado umeshikwa. "Umemwonyesha," akasema taratibu. "Wewe ulijua, na umemwonyesha."

Falis akaukwapua mkono. Uso wake ulikuwa mweupe kwa woga. Kisha akapiga yowe ambalo Wamucii hakuwahi kulisikia nyuma ya pazia wala popote.

"Mchawi! Mchawi huyu! Amenivuta kama punda, miguu haikuwa yangu! Wallahi sikujua naenda wapi! Mchawi!"

Ilitosha. Watu walikuwa wakilingoja neno hilo tangu siku ya pete kwenye unga, na sasa limetoka kinywani mwa rafiki yake. Lori lililofungwa, ambalo dakika moja nyuma lilikuwa likimshitaki Robow, likawa ushahidi wa mambo mengine kabisa. Nani anaweza kuingiza kitu ndani ya gari lililofungwa? Si mtu. Mureithi akaapa kwamba kuna usiku mlango wake ulifunguka wenyewe. Mwanamke mmoja akakumbuka mimba iliyoharibika. Mwingine, ambaye Wamucii alimsuka wiki hiyo hiyo kwa mkopo, alianza kufumua nywele zake pale pale akizitupa chini na kuzitemea mate.

"Ameiweka mwenyewe na uchawi, akaitoa na uchawi!" Robow akapaaza sauti, na sauti ilikuwa imejaa shukrani.

Jiwe la kwanza lilimpata Wamucii begani. Akawaka hasira, hasira ya kutaka kusema kila kitu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ni mkono, wapumbavu nyinyi, mkono unaojua ndio unaoonyesha, shikeni mtu yeyote mjaribu. Angesema hivyo, wangejaribu, na wangeona ni kweli. Na Falis angekuwa amekwisha. Falis alikuwa amejikunyata kwenye gurudumu, amefunika uso, bado akipiga yowe la mchawi, mchawi, na Wamucii alitamani kumzaba kofi.

Hakumzaba. Alinyanyua viganja vyake vyote viwili juu, mitupu, na umati ukarudi nyuma kwa pamoja.

"Eeh!" akasema. "Ni mimi. Huyu mwanamke hajui kitu, nimemwendesha vile nilitaka. Mimi naona ndani ya chuma. Naona iliwekwa lini, na naona mkono wa mwenye aliiweka. Robow, nimtaje? Sema tu. Nimtaje sasa hivi mbele ya wazee?"

Robow alimtazama mkewe, akamtazama tena Wamucii, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli. Alijua mwenyewe kwamba hakuna uchawi ulioiweka medali ile chini ya kiti, na sasa, mkewe akiwa ameendeshwa tu, hakuwa na njia nyingine ila uchawi ya kueleza mwanamke huyu alijuaje.

"Imetosha, mama," Abdifatah akasema haraka. Aliitia medali mfukoni. "Kitu imepatikana. Haina haja ya majina."

Hakuwa mjinga, mzee yule. Alijua vizuri nani aliificha, lakini aibu ya ndugu ni aibu ya nyumba, na mwaka wa kura mtu haoshi nguo chafu za nyumba yake mbele ya wapangaji. Akamshika Robow begani. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wamucii alikuwa ameona wote wawili wakipatana mbele ya macho yake, na walichopatania kilikuwa yeye.

"Atoke kwa ploti yangu kabla ya magharibi," Robow akasema. Alisema akimtazama Abdifatah, hakumtazama Wamucii.

Wakamfungua Ewoi kwa sababu hapakuwa na sababu ya kuendelea kumfunga. Hakuna aliyemwomba msamaha. Tairi lilirudishwa nyuma ya lori.

Wamucii alifunga vitu vyake peke yake: vitana, mafungu ya nywele, kiti kimoja, kioo cha ukutani ambacho watu walikipisha njia alipokitoa nje. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema utafukuzwa. Alitukana kwa Kikuyu kila alipoinama, na mara moja alilia, kwa sekunde chache na kwa chuki, kisha akajifuta kwa mkono wa sweta. Mlango wa nyumba ya Robow ulikuwa umefungwa. Hakusikia mtu akipigwa ndani. Alisimama akasikiliza hadi akahakikisha, akajikasirikia kwa kusikiliza.

Jua lilipokuwa likishuka upande wa Oldonyiro alikuwa getini na mkokoteni wa kukodi. Ewoi alikuwa amerudi kwenye kazi yake, mdomo umevimba, maana mtu hana pa kwenda. Alimfungulia geti lote, akaegemea mbali.

"Haya, Ewoi," Wamucii akasema, akamnyooshea mkono wa kwaheri.

Ewoi akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo. Kifundo chake, kile alichomshika, kilikuwa kimechubuka hadi kuonekana chekundu, na Wamucii alidhani ni kamba.

"Mama, usinishike tena," akasema kwa adabu. "Pale ulinishika nimesugua na jivu. Nilisugua mpaka ngozi ikatoka."

"Mimi ndiye nimekutoa kwa moto, Ewoi."

"Najua. Asante." Hakuitoa mikono. "Enda tu, mama."

Angeweza kumweleza kwamba ni mkono wa Falis ulioonyesha, si uchawi. Ilikuwa kazi ya maneno machache, na Ewoi si mtu wa kusema ovyo. Lakini Ewoi angelala pale getini kila usiku, hatua chache kutoka dirisha la Falis, na siku moja angeulizwa tena huku amefungwa.

"Funga geti," Wamucii akasema, na akamwambia mwenye mkokoteni aende.